Kifurushi Kilichorudi

Hapa Katumba mvua haipigi hodi.
Inaingia kama shemeji, inajichagulia kiti.
Mnafu tulioanika Jumatatu
Alhamisi umeota ukungu, mweupe kama ndevu.
Mama anautazama, anasonya,
anawamwagia nguruwe wa jirani bila kuhesabu hasara.
Hasara naihesabu mimi, kwenye daftari la miraba.

Ndipo tukaanza kulifuata jua.
Magunia mawili ya majani mabichi
juu ya lori la viazi mpaka Uyole,
kisha tunateremka Chimala, ambako jua halina haya.
Tunakodi uwanja wa mashine ya mpunga, elfu tano kwa siku,
tunatandaza vyandarua vipya, juu yake mnafu, msusa,
ndizi mbichi zilizokatwa nyembamba kama kucha,
na mama anakaa pembeni na fimbo
akiwafokea kwa Kinyakyusa
kuku wa Wasangu.

Siku ya tatu tunapanda na gunia moja, jepesi.
Bustani nzima
imekuwa kitu cha kubeba kwapani.

Lebo naandika mimi:
Mnafu wa Subilaga. Gramu mia mbili. Loweka kwanza.
Mama anataka niongeze: Usizidishe nyanya.
Nafasi haitoshi, namwambia.
Basi punguza gramu.

Kwa afisa wa mimea, Mbeya mjini, fomu inauliza
jina la kitaalamu la jani.
Mama anavuta kiti.
Andika mnafu, mwanangu. Wanaoungoja wanaujua.

Na kweli wanaujua. Tumpe, muuguzi wa zamu za usiku huko Leeds,
alipiga simu saa tisa za alfajiri,
akasema mzigo umefika, ndaga fijo,
lakini mboga yenu ni safi mno, mama,
haina moshi, kama ya mtu asiye na jiko.
Siku hiyo mama hakuzungumza.
Kesho yake akatundika fungu moja darini, juu ya mafiga,
siku tano, kuni mbichi makusudi,
akanikabidhi likiwa jeusi:
Mpelekee masizi yake.
Bei ile ile.

Sasa hiki.

Kimerudi baada ya miezi saba, pembe moja imebonyea,
mihuri juu ya mihuri, na karatasi ya njano
ambayo mtoto wa posta alitusomea polepole:
mpokeaji hapatikani.
Anyosisye, wa Hamilton, Kanada.
Kila Desemba: mnafu, njugu mawe, makopa ya ndizi,
na kila Desemba swali lile lile, kama mto Kiwira umejaa.
Simu yake inaita. Inaita mpaka inachoka.

Mama hakuuliza kama amehama
au vipi.
Alikata gundi kwa kisu cha vitunguu,
akanusa, akalowekea kwenye sufuria ya wageni.
Kimepanda ndege mara mbili, alisema,
mimi hata Dodoma sijafika.
Akachemsha njugu. Akatia karanga. Nyanya moja.

Tulikula taratibu, mvua ikigonga bati,
tukiitafuta ladha ya huko kilikolala miezi yote hiyo,
kwenye ghala gani, baridi gani.
Hatukuipata. Ulikuwa mnafu.
Uchungu wake ulikuwa mahali pake, nyuma ya ulimi.

Nilipofungua daftari ili nimfute,
mama alikuwa anasugua sufuria, kanipa mgongo.
Alilipa?
Alilipa, mwezi wa kumi na moja.
Na mzigo tumeula sisi?
Tumeula.
Basi usimfute. Mhamishe upande wa pili,
wa wanaotudai.

Jumatano tunashuka Chimala.
Ameshafunga kamba nyekundu kwenye fungu moja,
na mimi sijamuuliza nitaandika anwani gani.